Masteri ya ustawi wa jamii: darasani, kwa intaneti au mseto? Niko Lubumbashi na kazi siwezi kuiacha

MamaKatuba (mwanzisha uzi)

Habari zenu wapendwa. Nitaandika kirefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili nimelibeba tangu mvua zilizopita na kuligeuza peke yangu kumenichosha.

Mimi ni asistanti sosiali, yaani mfanyakazi wa ustawi wa jamii, hapa Lubumbashi, mwaka wa 11 sasa kazini. Nina gradua ya miaka 3 na lisansi ya miaka 2 juu yake, ule mfumo wa kabla ya LMD (lisansi, masteri, udaktari). Kazi yangu ni watoto: wanaolala sokoni, wenye kesi mbele ya jaji wa watoto, walioachwa kwa bibi wakati mama amefuata maisha Kolwezi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ndiyo iliyoleta mahakama za watoto, na jaji akihitaji uchunguzi wa kijamii, wanaokwenda kubisha hodi ni sisi. Unakaa, unasikiliza, unarudi kuandika kurasa nne, na kurasa hizo ndizo zinazosaidia kuamua mtoto alale kwa nani. Bado kuna jamaa zangu wanaodhani nafundisha kushona kwenye foyer, kwa sababu tangu enzi ya Wabelgiji neno "sosiali" kwao lina maana ya cherehani na mapishi.

Nataka kufanya masteri. Mshahara ni halali kuutamani, sikatai, lakini kinachonisukuma zaidi ni kwamba nimefika mahali ninarudia yale yale niliyofundishwa, na watoto wanaokuja siku hizi wana mambo ambayo sikufundishwa.

Milango niliyo nayo ni mitatu. Kuna masteri ya hapa mjini, ana kwa ana, vipindi vya mchana siku nne kwa wiki. Kuna ya kigeni, yote kwa intaneti, wanasema utasoma saa yoyote unayotaka. Na kuna ya mseto: masomo kwa mbali, kisha mara mbili kwa mwaka unavuka mpaka na kukaa chuoni majuma mawili. Nina watoto 4, mdogo ana miaka 5, na mama yangu mzazi anakaa kwetu.

Kila ninayemuuliza ananijibu kwa habari ya umeme, mega za intaneti na nauli. Hayo ni ya kweli na nitayapigia hesabu. Lakini hofu yangu iko kwingine, na nitaieleza kwa tukio moja.

Mwezi wa tano nilikwenda kwenye nyumba moja kwa ajili ya msichana aliyekimbia kwao mara tatu. Nilimkuta mama yake uani, anachekecha unga wa bukari. Nikamuuliza, "Mara ya tatu kwa nini hukumtafuta?" Chekeche likasimama hewani. Hakunijibu. Akaendelea kuchekecha, haraka kuliko mwanzo, mpaka unga ukawa unamwagika nje ya beseni. Nami nikaandika kwenye daftari: mama hatoi ushirikiano. Usiku, nikiwa nimelala, ndipo niliposikia swali langu upya. Halikuwa swali, ilikuwa hukumu, na yeye aliitambua kabla yangu.

Nani angenionyesha kosa lile siku ile ile? Mkubwa wangu wa kazi anahesabu mafaili yaliyofungwa. Wenzangu wamelemewa kama mimi. Miaka 11, na hakuna aliyewahi kuketi nami akaniuliza nilisemaje, neno kwa neno. Kwa hiyo swali langu kwenu ni hili: kati ya milango mitatu, upi utanipa mtu wa namna hiyo?

Kamalondo_Ohio

Dada, pole na kazi. Mimi ni mtoto wa Kamalondo, sasa naishi Ohio, na masteri ya kazi hii nimeimalizia huku. Nitakuambia ya Marekani kama yalivyo, ya kwako utapima mwenyewe.

Baraza linaloidhinisha programu hizi hapa, CSWE, halina kipimo cha darasani na kipimo kingine cha kwa mbali. Kipimo ni kimoja: masteri lazima iwe na staji, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ya saa zisizopungua 900, na shahada ya kwanza 400. Kwa hiyo tangazo likisema "yote kwa intaneti", linazungumzia masomo. Zile saa 900 utazifanya kwa miguu yako, hospitalini, shuleni, kwenye nyumba ya wazee, mahali penye watu. Piga hesabu: ukitoa siku 2 kwa wiki, saa 8 kila siku, unahitaji wiki 56 na kidogo. Ndiyo maana anayesoma muda wote huku hutumia kama miaka 2, na anayesoma huku anafanya kazi hufika 3 au 4. Wenye shahada ya kwanza ya kazi hii kutoka programu iliyoidhinishwa wana njia fupi ya mwaka mmoja hivi. Ila miaka yako 11 ya kazi, dada yangu, haitakupunguzia hata saa moja, kwa maana baraza linakataza kutoa krediti kwa uzoefu wa kazi au wa maisha. Iliniuma nilipoambiwa hivyo, maana mimi pia nilikuwa nimefanya kazi kabla. Baadaye nilielewa.

Mimi nilisoma muda nusu, kwa intaneti, nikifanya kazi ghalani. Niliweza kwa sababu nina kadi ya ukaaji. Mwenye viza ya mwanafunzi hana uhuru huo: lazima asome muda wote, na kwa kila muhula somo moja tu la intaneti ndilo linalohesabiwa. Na aliye nje ya nchi kabisa, kama wewe, aulize jambo hili kabla ya kutoa ada ya maombi: je, mnapokea mtu anayeishi Lubumbashi, na staji yangu mtaikubali kule? Programu nyingi za huku huwapokea wakazi wa majimbo fulani tu, maana kibali cha kufundisha na mikataba ya staji huenda kwa jimbo.

Tena "saa yoyote unayotaka" si kweli kila mahali. Kuna vipindi vilivyorekodiwa na kuna vya moja kwa moja. Kipindi changu kilianza saa 12 jioni. Wakati wa baridi ya huku, kwenu Lubumbashi hiyo ni saa 7 usiku. Kesho yake una kesi kwa jaji.

KijanaWaKampemba

Yaya, heshima zako, lakini naona unajitwisha mzigo. Chukua ya intaneti ya vipindi vilivyorekodiwa. Mashirika yanatazama diploma, hakuna anayeuliza uliketi wapi. Kazi unaijua tayari, kilichobaki ni karatasi.

MamaKatuba

Mdogo wangu, nakuelewa, na najua umeona watu wakipandishwa cheo kwa karatasi. Lakini rudi usome habari ya yule mama na unga. Ningekuwa naijua kazi tayari, asingemwaga unga. Mtoto yule analala nje hadi leo ninapoandika. Sitaki karatasi itakayonipa haki ya kuwasimamia vijana kama wewe na kuwafundisha kuuliza kama nilivyouliza mimi.

Kaka wa Ohio, asante sana. Hesabu ya wiki 56 nimeibandika kwenye ukuta wa jikoni.

Ndosho_Goma

Salamu kutoka Goma. Mimi ni APS, asistanti wa kisaikolojia na kijamii, nimefanya kambini na kwenye vituo vya afya, zaidi kwa wanawake waliofanyiwa ukatili. Nilianza masteri ya kwa mbali na sikuimaliza. Chuo sitakitaja, nia yangu si kumchafulia mtu jina, nataka mama mwanzisha uzi aone shimo lilipo.

Masomo yenyewe yalikuwa mazuri, sitasema uongo. Nilisoma usiku umeme ulipokuwepo, ulipokatika nilisoma kwenye simu. Nilizoea kupakua sauti peke yake bila picha, maana ukifungua kamera mega zinakwisha kama maji ya bidoni iliyotoboka.

Shimo lilikuwa staji. Waliandika: "Mwanafunzi atatafuta mahali pa staji na msimamizi." Basi. Nikauliza kama naweza kuifanya pale pale kazini kwangu, wakajibu ndiyo, bila kuuliza nafanya nini pale. Nikaendelea na kazi yangu ile ile, mafaili yale yale, na fomu za kila wiki zikakaa kwenye droo. Ilipofika tarehe ya kuzipeleka, mkubwa wangu alizisaini zote Ijumaa moja kabla ya chakula cha mchana. Miezi sita kwa kalamu moja. Sehemu ya "maendeleo ya mwanafunzi" aliandika "bien", vizuri, kila ukurasa. Yeye si mtu mbaya. Ni mhasibu kwa masomo, aliwekwa kusimamia ofisi, hakuwahi kufundishwa kusimamia mwanafunzi. Nilipata pointi nzuri sana katika staji ile, na hakuna nilichojifunza.

Katika miezi ile nilikuwa nafuata kesi ya mama mmoja ambaye kila nikifika ananipa kiti kisha anaondoka kuosha vyombo. Nilihitaji mtu wa kuniambia kama nikae, au nimfuate kwenye vyombo, au nirudi siku nyingine. Nilibaki kwenye kiti miezi sita.

Mwanzoni mwa 2025 mji ulipobadilika mikono na benki zikafunga, ada ya muhula ikanishinda kutuma. Chuo kiliniandikia barua tatu za ukumbusho, zote za kompyuta. Nikaacha.

Ushauri wangu: usiulize "staji ipo?" Kila mtu atakujibu ipo. Uliza: nani anaitafuta, nani ananisimamia na amesomea nini, tunazungumza siku gani saa ngapi, na barabara ikifungwa au benki ikifungwa mnafanyaje. Kama hawana majibu ya haya manne kwa maandishi, funga mfuko.

Kamalondo_Ohio

Ndugu wa Goma, pole sana. Huku pia staji ya kazini kwako inaruhusiwa, lakini chuo kinatakiwa kuonyesha jinsi kazi zako zinavyoungana na ujuzi unaopimwa. Na msimamizi wa mwanafunzi wa masteri anatakiwa awe na masteri ya kazi hii pamoja na miaka 2 ya utendaji baada yake. Asipopatikana, chuo chenyewe kinachukua jukumu la kuleta jicho la kazi hii. Mhasibu angeweza kuwa mkubwa wako wa zamu, lakini nyuma yake lazima asimame mtu wa chuo.

MapachaRuashi

Mimi niseme jambo ambalo wanaume hapo juu hawajaligusa. Nyumba.

Nilifanya mwaka mmoja wa masteri kwa mbali (si ya kazi yenu, ni ya saikolojia, lakini tunakaribiana). Kila wiki tulikuwa na kikao cha kuzungumzia kesi, sauti wazi, kamera wazi. Naishi uani pamoja na familia tatu. Ukuta wa chumba changu ni wa matofali hadi juu ya kichwa, kisha ni bati na uwazi. Siku moja nikazungumzia kesi ya mwanamke mmoja, jina nimeficha, mtaa nimeficha. Nilipotoka nje jirani akaniuliza, "Huyo mama wa mume dereva, mwishowe alirudi kwao?" Alisikia yote. Miguu iliniisha nguvu.

Siri za watu ndizo zinazobeba kazi yetu. Tangu siku ile nilikuwa naenda kusomea ndani ya gari la shemeji, vioo vimefungwa, joto la mwezi wa kumi. Mwaka uliofuata nikahamia ya darasani. Si kwa sababu darasa ni bora. Ni kwa sababu lina mlango unaofungwa.

Na jambo la pili. Darasani tulikuwa tunaigiza mahojiano, mmoja mteja, mmoja mshauri, wengine wanatazama. Ukikosea unaona kwenye uso wa mwenzako papo hapo. Kipindi kilichorekodiwa hakina uso.

MamaKatuba

Dada wa Ruashi, umenifungua macho. Kwangu ni vile vile, mama yangu haambiwi anyamaze na watoto hawaambiwi wasisikie. Nitaomba funguo ya ofisi kwa siku za vikao, jioni huwa tupu. Lingekuwa jambo la kwanza kulifikiria, na sikulifikiria kabisa.

Mzee_Nyawera

Wanangu, nimewasoma wote tangu asubuhi. Niko Bukavu, nimestaafu, lakini nimepokea wanastaji kwa miaka mingi, tangu enzi za kuandika ripoti kwa mashine ya taipu. Nitasema machache, mama wa Katuba apime.

Mwaka 2014 kule Melbourne, shirikisho la dunia la wafanyakazi wa kazi hii na jumuiya ya shule zake walikubaliana tafsiri moja ya kazi yetu, na maneno ya mwanzo yanasema ni taaluma ya utendaji na pia ni somo la chuo. Utendaji umetangulia. Mwaka 2020 mashirika hayo hayo yakatoa viwango vya mafunzo, na humo wakaandika kwamba mafunzo ya kazini yawe angalau asilimia 25 ya masomo yote. Sasa chukua LMD yetu. Masteri ni krediti 120. Robo yake ni krediti 30, yaani muhula mzima. Ukifungua orodha ya masomo ya chuo chochote, cha hapa au cha ng'ambo, tafuta hizo krediti 30. Ukikuta staji ina krediti 6 na memwari, ile tasnifu ya mwisho, ina 24, hiyo ni masteri ya utafiti. Ni elimu halali, itakufaa ukitaka kufundisha chuoni au kwenda kwenye udaktari. Lakini si hiyo unayoililia.

Wafaransa wana diploma yao ya serikali ya asistanti sosiali. Saa 1,740 za masomo, saa 1,820 za staji. Uwanja umezidi darasa. Nawataja kwa sababu shule zetu nyingi zilichukua mfano wa Ulaya, zikabeba madaftari na kuacha saa za uwanjani kule kule.

Mnabishana darasani au intaneti. Mimi naona jambo liko hivi: somo la sera, la takwimu, la historia ya kazi, hayo yanaweza kuja kwa simu na hutapoteza kitu. Kuigiza mahojiano kunataka nyuso, hapo mwanangu wa Ruashi amesema kweli. Staji inataka mtaa wako na watu wako. Na usimamizi, huu ndio watu wanadhani lazima mkae meza moja. Hapana. Usimamizi unataka maandishi.

Nilikuwa nawapa wanastaji karatasi ya safu tatu. Safu ya kwanza, yaliyosemwa, neno kwa neno, na vimya pia, na chekeche likisimama hewani andika limesimama. Safu ya pili, nilichohisi mimi wakati ule: aibu, hasira, haraka ya kuondoka. Safu ya tatu niliwakataza kuigusa, ilikuwa yangu. Mwanastaji akiwa Walungu nami Bukavu, karatasi ilipanda kwenye gari la viazi, nami niliisoma na kuirudisha na gari la siku ya pili. Leo mna picha za simu. Msimamizi anaweza kuwa mbali kabisa, mradi ana siku yake, ana saa yake, na anaisoma karatasi kabla ya kufungua mdomo.

Tena andika kwa lugha iliyosemwa. Hili naliwekea mkazo. Familia inasema Kiswahili, chuo cha ng'ambo kitataka Kiingereza, jaji anataka Kifaransa. Katikati ya safari hizo neno linavunjika mguu. Niliwahi kusoma ripoti iliyosema kwa Kifaransa kwamba mama "amemtelekeza" mtoto. Nikamwita mwanastaji, nikamuuliza mama alisemaje kwa kinywa chake. Akasema, "Alisema: nilimuachilia." Kuachilia! Mtu huachilia aliyemshika kwa nguvu. Mtu huachilia deni. Mtu huachilia kosa. Jaji angesoma kutelekeza, na mtoto angepelekwa mbali na mama aliyemsamehe.

KijanaWaKampemba

Mzee, heshima. Nafuta neno langu la juu. Mimi niko mwaka wa pili wa lisansi ya LMD, na hakuna aliyewahi kutuonyesha karatasi hiyo ya safu tatu.

Mzee_Nyawera

Sasa umeiona, mwanangu. Anza nayo.

Kamalondo_Ohio

Naongeza la vyeti, maana limewaumiza wengi na hakuna aliyelitaja. Dada, lisansi yako ya zamani ni miaka 5 baada ya diploma ya serikali ya kumaliza sekondari. Lisansi ya LMD ni miaka 3, krediti 180. Neno ni moja. Mtu wa ng'ambo anayepima vyeti akiona "licence" anaweza kukuhesabia 3. Omba karatasi za pointi za miaka yote 5, zenye idadi ya saa kwa kila somo, na saa za staji zikiwa na mstari wake. Anza sasa, ofisi za vyuo unazijua mwenyewe. Na ukifikiria Afrika Kusini, kumbuka kwamba kwao shahada inayokupa usajili wa kazi hii ni ile ya kwanza, ya miaka 4. Masteri inakuja juu yake. Usije ukalipa masteri ukidhani itakufungulia mlango ambao unafunguliwa na nyingine.

Ndosho_Goma

Mama Katuba, na staji usiifanye kwenye idara yako. Hata wakikuruhusu. Omba hata chumba cha jirani.

MamaKatuba

Wapendwa, nimekaa kimya majuma matatu, sikuwasahau. Nilikuwa nafanya mliyonituma.

Niliwaandikia wote watatu maswali manne ya ndugu wa Goma, nikaongeza la tano la Mzee: krediti ngapi ni za staji? Wale wa intaneti tupu walinitumia tena tangazo lile lile lenye picha ya msichana anacheka na kompyuta. Nikawaandikia mara ya pili, likaja lile lile. Chuo cha hapa mjini kilinipokea vizuri, katibu alinitolea orodha ya masomo na kunikalisha. Staji yao ni nzuri, ina krediti za kutosha, ila yote iko muhula wa mwisho, kila siku, mwezi kwa mwezi. Ningelazimika kuacha kazi kwa muda huo, na nyumbani kwangu mshahara wangu ndio unga. Kama ningekuwa na miaka 24 na bila mtoto, ningekwenda pale kesho, na namshauri kijana wa Kampemba akapaulizie.

Wa mseto walijibu yote matano. Staji ni siku 2 kwa wiki, inaanza muhula wa pili. Wanaye mratibu ambaye kazi yake ni hiyo tu. Msimamizi ana masteri ya kazi hii, anasoma maandishi ya mwanafunzi na kuzungumza naye kila Alhamisi jioni, na saa yao ni sawa na yetu. Kuigiza mahojiano kunafanyika yale majuma mawili ya chuoni. Niliuliza kama naweza kuandika kwa Kiswahili yale familia wanayosema, kisha kuweka tafsiri pembeni. Mratibu alinyamaza kidogo kwenye simu, akasema hakuna aliyewahi kuliomba hilo, atauliza. Siku mbili baadaye akajibu ndiyo. Hapo ndipo nilipoamua.

Itanichukua miaka 3. Kiingereza nimeanza kukisoma na binti yangu mkubwa, saa moja kila usiku baada ya vyombo. Karatasi za pointi nimeshaziomba, wananiambia nirudi, nami narudi. Kazini nimeomba Jumanne na Ijumaa, na nitafidia Jumamosi. Staji nitaiomba kwenye wadi ya hospitali, kwa wagonjwa wasio na ndugu, mahali ambapo sijui kitu. Mkubwa wangu hajasaini bado. Ameuliza ofisi itapata nini, nikamwambia habari ya yule mama na unga. Akasema nimwachie barua.

Jumamosi nilirudi kwenye nyumba ile. Sikwenda na faili. Alikuwa anachekecha tena, nikashika upande wa pili wa beseni. Tukakaa muda mrefu hivyo. Kisha nikamuuliza siku ile ya tatu ilikuwaje kwake yeye. Alisema mengi, na siyaweki hapa, ni yake.

Mzee wa Nyawera, ulisema nipime, nami nathubutu kuomba. Nimeandika ukurasa mmoja wa mazungumzo yale, kwa Kiswahili kama alivyosema, bila jina, bila mtaa, bila umri, na nilimweleza kwamba kuna mzee wa kazi yetu nitamwomba aniangalie mimi, si yeye. Alikubali. Nimeutuma kwenye sanduku lako asubuhi hii. Safu ya tatu nimeiacha wazi.